Maji ya Rejeta

Shigela alichovya kidole kwenye mdomo wa rejeta, akakitoa kimepakaa tope la kijani lililokaribia weusi, akakiinua mbele ya pua ya Nurudin.

"Kaka Nuru, hii nini?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni nani hapa?"

"Mimi nimefungua magari miaka kumi na nane. Nimekuta kutu, nimekuta mafuta, siku moja nimekuta mjusi. Majani sijawahi kukuta. Hili gari mlikuwa mnalinywesha chai?"

Mafundi waliokuwa chini ya lori la jirani wakacheka bila kutoka walikolala. Nurudin hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa hajaweka kitu tumboni, ameacha kochi la watu watatu likiwa uchi karakanani kwake Buzuruga, na mteja wake wa Nyegezi amempigia mara nne. Mtu wa namna hiyo hachekeshwi na rejeta.

"Niambie ugonjwa," alisema.

"Rejeta imeziba. Maji hayazunguki, injini imechemka siku nyingi mpaka silinda hedi imepinda. Hiyo ningeichonga. Lakini bloku nayo ina ufa, huu hapa, pitisha ukucha." Nurudin akapitisha ukucha, akaukuta. "Hapo hakuna dawa, ni injini nyingine. Injini, rejeta, na mkono wangu, weka milioni tatu na nusu. Na hapo nimekuonea huruma."

"Na nikiliuza hivi lilivyo?"

"Yule jamaa wa Kisesa anayekata magari atakupa moja na laki nane. Keshokutwa Jumamosi asubuhi anapita hapa kuchukua mengine. Amua."

Mtu mwingine angeamua hapo hapo, akiwa amesimama. Noah ile ilikuwa imezeeka, milango yake ya pembeni ilifungwa kwa kubembelezwa, na kila kochi lililopanda ndani lilipanda kwa matusi. Isitoshe, Bwana Alnoor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa amemwekea Nurudin kirikuu chake kilichotumika vizuri, kigari kidogo cha mizigo chenye bodi wazi nyuma, kinachoweza kubeba seti nzima ya makochi kwa safari moja. Nurudin alikuwa amekusanya fedha kwa miaka miwili. Alikuwa amebakiza kidogo tu, na kidogo hicho kilikuwa sawasawa na kile ambacho jamaa wa Kisesa angetoa. Alnoor alisema atamngojea hadi Jumamosi jioni, na baada ya hapo kuna Mjita wa Musoma anayekitaka kwa hamu. Na yule mteja wa Nyegezi, mwenye loji mpya ya vyumba ishirini, alisema wazi kwamba hatampa kazi fundi anayeleta makochi mawili mawili kama anayehamisha vyombo vya mke mdogo.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa imejipiga yenyewe. Tatizo ni kwamba Nurudin alikuwa mtu aliyewahi kupewa kipaza sauti kwenye hitma ya mama yake.

Miezi minane iliyopita, watu wameshakula pilau, sheikh ameshafunga dua, mtu mmoja mwenye nia njema akamwambia, "Nuru, sema neno." Nurudin akasimama. Macho yalikuwa mekundu na kifua kimejaa, na mbele yake, upande wa wanawake, alimwona shangazi yake Bimdogo na wenzake watano waliomwosha mama, wamekaa kimya na kanga zao. Akasema kwamba kuanzia siku ile, kila utakapotokea msiba wa mwanamke, gari lake ni la waosha maiti, liwapeleke na kuwarudisha, na hataki shukrani ya mtu. Ukumbi mzima ukaitikia. Wazee wakafuta machozi. Mtu akasema huo ndio wakfu.

Laiti angejua. Mwanza ina vilima vingi na misiba yake haichagui siku. Simu ilipigwa akiwa na kochi limeshafungwa kamba, akalishusha. Ilipigwa akiwa Igoma, ikapigwa akiwa anakula. Akina mama sita walipanda na ndoo zao, sanda zao, karafuu maiti zao na ule ubao mrefu wa kuoshea uliopita katikati ya viti hadi kwenye kioo cha mbele, wakakaa juu ya mito ya makochi ya watu, na njia nzima wakamwelekeza namna ya kuendesha. Mshale wa joto ukawa unapanda kila mlima. Akaongeza maji, akaendelea. Miezi minane alikuwa akiongeza maji na kunung'unika.

Kilichomuudhi zaidi ya yote hakuwa akikisema mbele za watu, alikisema nyumbani tu. Akina mama hao hao, siku ya mama yake, walichelewesha josho karibu saa nzima. Jua la saa saba, watu wamesimama uani, makaburini wameshachimba, na wao ndani wanapitisha ndoo tupu huku na huku. Yeye mwenyewe alilazimika kugonga mlango na kupaza sauti: mnangoja nini, mnataka mama yangu alale hapa? Hakuna aliyemjibu. Na bado, baada ya fedheha ile, akawapa gari. Kila akikumbuka, alijiona bwege.

Alitoka gereji akaenda moja kwa moja kwa sheikh wa msikiti wao, akamkuta anamwagilia maua maji kibarazani. Sheikh alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Siku ile ulisema nini, neno kwa neno?"

Nurudin akamwambia.

"Basi ninavyoelewa mimi, haki uliyoitoa ni yao. Ukilitengeneza, mtaendelea mlivyo. Ukiliuza bila wao, fedha hiyo usiile, wanunulie kitu cha kazi yao."

"Kitu gani, sheikh? Toroli?"

"Wao ndio wajuao. Lakini wakikuachia wenyewe, kwa radhi zao, mimi sitakuwa na neno."

Nurudin alirudi gereji akiwa na hasira mpya, nzito kuliko ile ya asubuhi. Kwamba akilitengeneza anapoteza kirikuu, na akiliuza anapoteza kirikuu vile vile. Akamwomba Shigela ampe lile tope. Shigela akamkwangulia kwenye kifuniko cha mtindi, akauliza kama anakwenda kulipima hospitali. Nurudin hakumjibu, kwa sababu alikuwa amekiona kitu ndani ya lile tope. Kilikuwa kipande cha jani kilichogoma kuoza, kidogo kama ukucha wa mtoto, chenye mishipa mitatu iliyotoka sehemu moja.

Jani lile alilijua. Tangu utotoni alikuwa akiliona limeanikwa kwenye ungo nyumbani kwa shangazi yake. Ni majani ya mkunazi, yanayopondwa na kutiwa kwenye maji ya kuoshea maiti.

Alisimama pale na kifuniko mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukapata raha. Kumbe ni wao. Gari limechemka njiani, yeye pengine ameshuka kuongea na simu, mmoja wao akafungua boneti na kumimina ndoo iliyokuwa karibu, maji ya mkunazi na kila kitu. Wameliua gari wenyewe. Mtu hawezi kudai haki ya kitu alichokiua kwa mkono wake, na kama sheikh anataka radhi, basi radhi hizo zitatoka leo.

Bimdogo aliishi Kirumba, juu ya majabali, mahali ambapo harufu ya dagaa wa soko la mwaloni hupanda na upepo wa ziwa na kukaa ndani ya mapazia. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Nurudin, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nurudin alimkuta mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba Nuru. Mbona umekuja kwa miguu?"

"Ndicho kilichonileta." Akaweka kifuniko juu ya sinia, katikati ya mchele. "Hiki kimetoka kwenye rejeta ya gari. Injini imekufa kwa ajili ya hiki. Nataka uniambie ni nini."

Bimdogo alikiinua karibu na macho. Akanusa. Akakaa nacho muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika kulitambua jani ambalo amelishika maisha yake yote. Halafu akakiweka chini taratibu.

"Ni mkunazi," alisema.

"Nashukuru hukubisha. Sasa nani kati yenu aliyefungua boneti ya gari langu akamimina maji ya kuoshea maiti?"

Bimdogo alitazama ziwa. Nurudin alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima alikuwa amepanga majibu, na yalikuwa majibu mazuri, mengine ya ukali usiomfaa mtu kumtolea shangazi yake. Alitaka abishiwe.

"Sema ni mimi," Bimdogo alisema.

"Ni wewe au niseme ni wewe?"

"Sema ni mimi, Nuru. Gari liuze. Nitawaambia wenzangu, na sheikh nitampigia mwenyewe. Tumekuachia. Bajaji zipo, tutapanda."

"Na ule ubao?"

"Ubao tutajua wenyewe." Akaurudia mchele wake. "Umekula?"

Hakuwa amekula, lakini alisema amekula. Alishuka majabalini akiwa ameshinda kila alichokwenda kukidai, na hasira haijapungua hata chembe, na hilo nalo likamuudhi. Ameomba radhi zao, amepewa. Ameleta lawama, imepokelewa. Sasa anataka nini tena? Akampigia Alnoor, akamwambia fedha Jumamosi mchana itakuwa mezani. Alnoor akasema, "Vizuri sana bwana Nurudin, nitakuoshea kabisa." Akampigia Shigela amwambie jamaa wa Kisesa aje na gari la kuvuta. Mambo yakawa yamekwisha kabla ya alasiri.

Nyumbani alimkuta mkewe Nasma anapiga pasi. Nasma alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa uchache huo Nurudin aliutumia vizuri, kwa kusema yeye. Alimweleza yote, tangu kidole cha Shigela hadi mchele wa Bimdogo. Alipofika mwisho hakuweza kunyamaza, akaendelea.

"Wala hakuona haya. 'Sema ni mimi.' Hata pole hakusema. Watu wanakuulia gari, halafu wanakuachia kama wanakupa zawadi. Lakini kosa ni langu. Watu waliomweka mama yangu saa nzima bila kumwosha, mimi nikawapa gari. Ningejua tangu siku ile kwamba hawajui kazi. Saa nzima, Nasma, watu wamesimama juani."

Nasma aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani.

"Nuru, kaa chini."

"Nimekaa siku nzima kwa fundi."

"Kaa chini. Nimeisikia hiyo saa nzima yako miezi minane, nimechoka. Shangazi alinikataza, lakini leo umekwenda kumwekea uchafu kwenye chakula chake, kwa hiyo basi."

Nurudin akakaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya mashati.

"Siku ile ulikwenda msikitini kuuchukua ubao," Nasma alisema. "Uliporudi, gari lilikuwaje?"

"Linachemka. Bomba la rejeta lilikuwa limelegea, kesho yake nikalikaza. Hilo linahusu nini?"

"Uliliongezea maji?"

"Niliongeza. Ningeliacha liungue?"

"Ya wapi?"

Nurudin akafungua mdomo kumjibu, na jibu halikuwepo mahali pake. Palikuwa na kitu kingine. Palikuwa na mlango wa jikoni wa nyumba ya mama yake, na watu wengi wanaompa mkono na kumwita kwa jina ambao yeye hakuwaona vizuri kwa sababu ya machozi, na moshi mweupe unatoka kwenye boneti pale getini. Palikuwa na ndoo mbili kubwa za plastiki zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikumbuka alikivuta kile kitambaa kwa hasira. Aliibeba ndoo ya kwanza, akarudi kuibeba na ya pili. Alikumbuka kwamba maji yale yalitoa povu kidogo yalipokuwa yakiingia, na yeye akasema moyoni kwamba hata kwenye msiba watoto wa siku hizi wanachezea sabuni.

"Maji ya bomba siku ile yalikuwa yamekatika mtaa mzima," Nasma alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yale maji tuliyachota kwa majirani watatu. Shangazi alikuwa amemaliza kuyaandaa kwa mkono wake. Akatoka jikoni akakuona uko getini na ndoo ya pili imeinuka. Mimi nilitaka kukuita. Akanishika mkono. Akasema, mwache, usimwambie leo, na kesho usimwambie, usimwambie kabisa, mtu hawezi kubeba hilo. Wakaanza upya. Mimi ndiye niliyetumwa kwa jirani mmoja, Odeta, kutafuta majani mengine, nikayakosa, nikaenda mbali. Ndiyo saa nzima yako."

Uso wa Nurudin uliwaka kwa aibu, aibu ya kweli kweli, inayompata mtu mzima mara chache na kumkuta hana pa kuuficha uso. Alikumbuka ngumi yake juu ya ule mlango. Mnangoja nini? Aliwauliza hivyo, na wote waliokuwa ndani walijua wanangoja nini, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Na baadaye, kwenye hitma, walipomwona anasimama kuwapa gari lenye maji yale ndani yake, walikaa kimya vile vile na kanga zao, wakaitikia dua.

Jumamosi asubuhi na mapema alipanda tena Kirumba kwa miguu. Bimdogo alikuwa amekaa pale pale mlangoni, safari hii ungo ukiwa mapajani, majani ya mkunazi yametandazwa kukauka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Alimtazama mara moja tu. "Nasma amesema."

"Amesema."

"Nilimkataza yule."

Nurudin alikaa kwenye jiwe. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga kama yale majibu ya juzi, na yote yalimtoroka. Kilichotoka ni swali alilokesha nalo, na alilitoa kwa sauti ya mtoto.

"Yale maji ya pili. Yalikuwa mazuri?"

Bimdogo aliacha majani. "Yalikuwa mazuri, Nuru. Yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza. Ya kwanza niliyaandaa kwa haraka, nalia. Ya pili tuliyapasha moto kidogo, tukayaandaa sote sita, hakuna aliyezungumza. Mama yako aliogeshwa vizuri. Nywele nilimchana mwenyewe, nikazisuka mikia mitatu."

Nurudin aliinamisha kichwa akalia, asubuhi kweupe, wauza dagaa wakipita na kuitikia salamu ya shangazi yake. Bimdogo hakumbembeleza. Aliendelea kugeuza majani, moja moja, hadi alipomaliza.

Kisha Nurudin akatoa simu. Kwanza alimpigia Alnoor, akamwambia kile kirikuu ampe Mjita. Alnoor akauliza kama kuna tatizo, bei inazungumzika. Nurudin akasema bei haina tatizo. Kisha akampigia Shigela.

"Kaka Nuru, uko wapi? Jamaa wa Kisesa ameshafika, ameshatoa mnyororo."

"Mwambie aurudishe. Tafuta injini."

Shigela akasema kwa upole kwamba kama ndugu yake, kama mtu anayemjali, lazima amwambie kwamba kutia milioni tatu na nusu kwenye lile gari ni wazimu.

"Najua," Nurudin alisema. "Tafuta injini. Na uifagie hiyo mito nyuma, wanakaa watu."

Hasira ilikuwa bado ipo. Hasira haikuwa imekwenda popote. Kwamba kazi ya Nyegezi imekwisha kabla haijaanza, kwamba atarudi kupanda milima na makochi mawili mawili, kwamba simu zitaendelea kupigwa akiwa anakula, yote hayo aliyaona wazi kabisa pale kwenye jiwe na yote yalimchoma. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mmoja.

Aliposimama kuondoka, Bimdogo alimwambia angoje. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na dumu la njano la lita tano, limejazwa maji ya bomba hadi shingoni na kufungwa kwa nailoni chini ya kifuniko. Akampa.

"Hili liwe la gari," alisema. "Liweke chini ya kiti chako. Na ndoo zetu usiziguse tena."